Siwa ya Tamalaki

Katika nchi ya Tamalaki watu walikuwa wa aina mbili, na aliyewagawa si Mungu, ni Mfalme. Weupe aliwaita Watu wa Maziwa. Weusi, Watu wa Masizi. Wa Maziwa walikula. Wa Masizi walipika, walichimba mawe, walipigwa viboko, na jioni wakaitwa ikulu kupiga muziki nyuma ya pazia. Wageni wa Mfalme waliipenda ngoma yao, ila sura zao, ati, ziliwakata hamu ya kula. Hivi kweli! Mtu unacheza kwa jasho la mwenzako, na kumtazama hutaki!

Somoe, binti wa Masizi, akatunga wimbo machimboni: "Ondoeni pazia mtuone." Haukupita mwezi, machimbo yote yaliuimba. Mfalme akaupiga marufuku, akamtia Somoe gerezani, na kabla hajamhukumu akafa kwa kuvimbiwa.

Mwanawe akakitaka kiti upesi. Lakini kwa sheria ya Tamalaki hakuna mfalme mpaka siwa, pembe kubwa ya ndovu, ilizwe mbele ya umati. Na Watu wa Maziwa, kwa kiburi chao, tangu zama za mababu waliona kuvimbisha mashavu ni kazi ya watwana. Hakuna hata mmoja wao aliyejifunza. Mpiga siwa alikuwa Bi Mwanakhamisi, mama yake Somoe.

"Jemadari apige," Mwanamfalme aliamuru barazani.

Jemadari alipuliza mpaka macho yakamtoka. Siwa ikatoa mlio wa tumbo lililochafuka. Wajumbe wakainamia zulia, kila mmoja akiuma midomo asicheke.

Basi akaitwa Bi Mwanakhamisi.

"Kesho adhuhuri utapiga siwa," Waziri alimwambia. "Nyuma ya pazia, kama kawaida."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Piga kwanza. Habari za huyo mkosefu baadaye."

"Mleteni kwanza. Na pazia silitaki, Waziri. Nimechoka kupulizia kitambaa."

"Ukikaidi, ananyongwa."

"Mnyongeni. Halafu mpulize wenyewe."

Woga alikuwa nao, lakini Waziri hakuuona. Alikuwa anamtazama Jemadari, ambaye bado alikuwa akikohoa. Wakamkubalia.

Kesho yake Somoe aliletwa uwanjani amefungwa kamba, midomo imepasuka, jicho moja limefumba. Alijaribu kusema "Mama", sauti haikutoka. Walikuwa wamempiga kooni makusudi, mahayawani wale, wakijua wanachokifanya.

Bi Mwanakhamisi hakulia. Alishikwa na hasira hata akasahau woga. Akainua siwa, na badala ya mlio wa kumtawaza mfalme akapiga wimbo wa mwanawe. Tuni tu, bila neno. Maneno waliyatia Watu wa Masizi, uwanja mzima, wapishi na wachimba mawe, wakipaza sauti mpaka Watu wa Maziwa wakaziba masikio.

"Wakamateni!" Mwanamfalme alifoka.

Askari, nao wa Masizi wote, wakatazamana. Yule aliyeshika kamba ya Somoe akauliza, kwa heshima kabisa:

"Kwa amri ya nani, bwana? Mfalme bado hatuna."

Mwanamfalme aligeuka kumtafuta Waziri. Waziri alikwisha kuondoka.

Askari akamfungua Somoe, akatupa kamba, akaanza kuitikia.