Sifa za Gaju

Sauti ya Papa ilikuwa inatoka kwenye redio kubwa ya Evode, katikati ya soko la Kalembe, mchana kweupe, na Papa mwenyewe alikuwa nyumbani anaosha vibuyu vya maziwa. Sauti ilikuwa inasifu ng'ombe. Chini yake ngoma nzito za huko Ulaya, kisha kaka yangu Jado akaingia kwa Kislovakia, mbio mbio, kama mtu anayekimbia mvua. Wamama walisimama na mizigo yao mgongoni. Mimi nilicheza. Nasema ukweli wote: nilicheza pale kwenye matope, nikapiga vigelegele, nikamwambia kila aliyepita kwamba yule ni Jado wa kwetu, mtoto wa Narcisse.

Wimbo huo nilimletea Evode mimi mwenyewe. Yeye kazi yake ni kuingizia watu nyimbo kwenye simu, na kufikia Jumapili nusu ya Kalembe ilikuwa nao.

Jado aliondoka Kibabi, kijiji chetu cha kwanza, akiwa na miaka tisa. Vita vilitutawanya barabarani, yeye akabaki mikononi mwa shangazi yetu, wakafika kambini ng'ambo ya mpaka, na kutoka kambini wakapelekwa Slovakia, nchi ambayo sisi hatukujua hata iko upande gani. Shuleni walimshika nywele ili waone kama zinatoka. Alijifunza lugha yao kwa hasira. Halafu siku moja akawajibu wale watoto kwa mashairi, haraka haraka, mpaka mwalimu akaacha kuandika. Njo pale alianzia. Kwanza alirapu kwenye vituo vya treni, baadaye kwenye vilabu vya Košice, sasa anaimba mbele ya maelfu, na picha yake inabandikwa ukutani. Wenzake wanamuuliza hiyo mbio ya maneno aliitoa wapi, Amerika ao wapi. Yeye anacheka tu. Aliitoa kwa Papa, zizini, wakati wa kukamua.

Maana kwetu ng'ombe hakamuliwi kimya. Papa anamsifu kwanza: jina lake, mama yake, rangi yake, milima alikolishwa, na mwisho kabisa maji anayokunywa sasa. Yote kwa pumzi moja. Ukiruka maji, umemtukana, umesema hana kwao. Papa hajawahi kuruka.

Mwaka jana Jado alinipigia. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa, anatafuta neno mpaka unamuonea huruma.

"Dada Alliance, unitumie sauti ya Papa. Vile anasifu Gaju, ile ng'ombe uliniambia. Hapa mimi sina kintu ya kwetu. Hata moja."

Wakati ule vita vilikuwa vimerudi, na ng'ombe zetu tisa hazikuwa Kalembe tena. Papa alikuwa amezishusha upande wa Walikale, kuzificha msituni kwa rafiki yake Gustave. Gustave ni mtu wa msitu, mlimaji na mwindaji, na yeye na Papa wamejuana miaka thelathini. Mmoja anampa mwenzake maziwa, mwingine anampa nyama na ndizi. Tuliojua mahali ng'ombe zilipo tulikuwa watatu: Papa, Gustave na mimi.

Nilimfuata Papa huko huko, nikamwekea simu karibu na mdomo. Akamsifu Gaju, binti wa Kibabi, mwekundu wa mapaja, mpaka akafika mwisho: "Leo unakunywa Kabusa, nyuma ya ndizi za Gustave." Nililisikia lile neno, Kabusa, kijito cha pale tulipoficha ng'ombe. Nikajiambia, ah, huko Slovakia nani anajua Kabusa? Nikabonyeza, ikaenda.

Wimbo ulipotoka, Papa alikataa kuusikiliza kwenye simu. "Nitausikia kwa kinywa yake siku atarudi," alisema. Wengine wote waliusikia. Na watu wa bunduki nao wana simu. Mimi sikuwaza hilo, mpumbavu mimi, nilikuwa na furaha nyingi mno.

Wiki mbili baada ya kucheza kwangu sokoni, walienda Kabusa moja kwa moja. Hawakuuliza njia. Walichukua ng'ombe zote tisa, na Gustave alipojaribu kushika kamba ya Gaju walimpiga na kitako cha bunduki mpaka jicho la kushoto likaharibika.

Papa hakulia. Alikaa siku tatu bila kula, siku ya nne akasema jambo baya kuliko ng'ombe kuchukuliwa.

"Njo Gustave alituuzisha."

"Papa! Na jicho lake?"

"Walimupiga juu walikosana bei. Nani mwingine alijua? Wewe?"

Alikuwa ananiangalia. Nilipaswa kujibu pale pale. Nikainuka, nikaenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Lile neno halikukaa ndani ya nyumba yetu. Wafugaji wakalipokea, likakua. Wakaanza kusema watu wa msitu wote njo vile walivyo. Vijana wa kwetu wakanoa mapanga, na wa kwao wakasikia kwamba wa kwetu wananoa. Huku kwetu hivyo njo kijiji kinavyoungua. Mimi nilikuwa najua yote, na kwa siku sita sikusema. Niliogopa macho ya Papa. Niliogopa pia jina la Jado liwe laana midomoni mwa watu waliokuwa wanaucheza wimbo wake.

Jumapili Pasta Paul aliwaita Papa na Gustave baada ya ibada. Gustave alikuja ametembea tangu asubuhi, kitambaa kichafu usoni, wajomba zake nyuma. Kanisa lilijaa, na hakuna aliyekaa karibu na mtu wa upande mwingine.

"Narcisse," Gustave alisema, "mimi nilikula maziwa yako miaka yote hii. Sasa unisemee mbele ya Mungu: niliuzisha?"

Papa alifungua mdomo. Nikajua jibu lake, na nikajua baada ya jibu hilo mapanga yatatoka. Nikapita katikati ya viti, nikaweka simu juu ya meza ya Pasta, nikaufungulia wimbo.

Ngoma zilipiga ndani ya kanisa. Kisha sauti ya Papa, safi, na Papa akaisikia mara ya kwanza. Aliisikia ikimtaja Gaju, ikiitaja Kibabi, ikishuka mlima kwa mlima. Kabla haijafika mwisho aliinua mkono kama mtu anayeomba, lakini sauti haikumngojea. "Leo unakunywa Kabusa, nyuma ya ndizi za Gustave."

"Ni mimi nilituma," nikasema. "Ni mimi nilimupatia Evode. Gustave hajakosa kintu."

Papa hakunipiga. Heri angenipiga. Aliondoka kwenye kiti chake, akatembea mpaka kwa Gustave, akapiga magoti mbele ya yule mtu na umri wake ule, akashika viatu vyake vyenye matope. Gustave alisema, "Simama, Narcisse, simama, unaniaibisha," na wote wawili wakalia. Wajomba wakaangalia pembeni. Vijana wa kwetu wakatoka nje mmoja mmoja, hawakuwa na la kufanya na mikono yao.

Jado alikuwa hajui lolote. Sikuwa na nguvu ya kumwambia. Siku chache baadaye alinipigia, nyuma yake kelele za watu na magari, anapiga kelele naye: wimbo umepata tuzo, wa kwanza katika nchi nzima, watu wanaimba Kabusa, Alliance, Wazungu wanaimba Kabusa! Akataka Papa. Papa alikuwa ameketi mlangoni na Gustave, wanamenya ndizi. Niliikamata simu mpaka vidole vikaniuma. Papa akanyoosha mkono, nikampa.

"Papa, uliisikia?"

"Niliisikia, mutoto yangu."

"Ni muzuri?"

"Ni muzuri. Ulitupeleka mbali."

Jado akatafuta neno. "Na Gaju? Gaju iko namna gani?"

Papa aliangalia zizi. Majani yalikuwa yamejaa mle ndani.

"Gaju iko na mimba," akasema.

Gustave akainama, akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.