Usufruct na Minazi ya Ndau

Uliiona. Usiniambie hukuiona. Karatasi ilikaa siku kumi na moja kwenye mlango wa duka la fotokopi pale Wiyoni, kwa Kiingereza, na jina la Ndau limeandikwa kwa herufi kubwa. Wewe, ambaye marehemu mama yako kazaliwa Ndau, ulipita ukiangalia simu. Mimi angalau nilisimama. Shule niliachia darasa la saba, Kiingereza nimejifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia mahamri, lakini neno moja lilinishinda: usufruct. Nikaliruka. Basi na mimi nimo kwenye lawama.

Hakuliruka Huwaida.

Huwaida ndiye mwenye duka. Marehemu baba yake alikuwa mkwezi, alizoea kukwea minazi ya watu wa Ndau kuwaangulia nazi. Kampuni inayotaka kujenga hoteli kule kisiwani ilimpelekea barua atoe nakala arubaini, na moja aibandike mlangoni. Barua ilisema wakazi wa Ndau wamekiri mbele ya watu kwamba ardhi si yao, kwamba walichonacho ni usufruct tu, kwa hivyo watie saini na kuiacha minazi.

Kukiri! Nina ubaya mmoja, sisahau. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili, uwanjani mbele ya msikiti wa Ndau. Wakala wa kampuni, Bwana Taha, aliuliza kwa sauti ya upole, "Ardhi hii ni ya nani?" Akajibu Bi Mwanamkisi, mjane mwenye minazi ishirini na miwili aliyoiotesha baba yake, ambaye hana riziki nyingine ila mafuta na makuti yake: "Nti si yetu, bwana. Minazi ndiyo yetu."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote. Kwetu hayo ni maneno ya heshima. Mtu hupewa ruhusa kuotesha kwenye kiwanja cha mwenziwe. Mnazi ni wake na wa wanawe mpaka ufe wenyewe, na ukifa, shimo hurudi kwa mwenye kiwanja. Nani asiyejua? Bwana Taha ni mtu wa Lamu, alijua vizuri sana. Aliandika nusu ya kwanza ya jibu, kalamu akaifunga.

Basi tukaitwa Mokowe, mbele ya afisa wa ardhi. Nilikwenda nimejiandaa kupiga kelele. Miaka ishirini na sita nimepiga kelele katika ofisi za wilaya hii, na nimetolewa nje ya karibu zote. Huwaida alinivuta kanzu.

"Kaa, Bwana Harith. Yeo si siku ya koo lako."

Nikakaa. Yeye akasimama, mkobani akatoa kamusi isiyo na jalada.

Bwana Taha akacheka. "Mama fotokopi! Leo umekuwa wakili?"

"La, bwana. Wakili ni ghali, mimi ni wa karatasi tu. Neno hili mmeliandika mara nne. Nililiona kila nilipotoa nakala. Lina maana gani?"

"Ni ruhusa. Mwenye mali hukupa akitaka, hukunyang'anya akitaka."

"Ahsante. Sasa nisomee hapa, kwa sauti, nisije nikaambiwa nimetia chumvi."

Bwana Taha alikitazama kitabu kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza. Afisa akamwambia, "Soma, bwana." Akasoma, na Huwaida akatufasiria pole pole, sentensi kwa sentensi: haki ya kutumia mali ya mtu mwingine na kuchukua mazao yake, bila ya kuiharibu.

"Haki," akasema Huwaida. "Si ihsani. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa hivyo hivyo: kuna mwenye kitu na kuna mwenye manufaa ya kitu. Mwenye kitu akiuza, hauzi manufaa yasiyokuwa yake."

"Hiyo ni lugha ya mawakili tu," Bwana Taha akasema.

"Lakini mmeitia saini nyinyi," akasema afisa, na kwa mara ya kwanza akaishika ile barua kwa mikono miwili.

Bi Mwanamkisi akauliza, "Wasemani hao?"

"Wasema, Bi, lile jibu lako la msikitini walilituma kwa Kiingereza, na nusu uliyonyimwa imo ndani ya neno lao."

Wallahi nimewasikia wanasiasa wengi, na nimewasikia mashekhe. Sijasikia mtu aliyeshinda kwa sauti ndogo kama ile.

Na hapo ndipo alipozidi kunishangaza, maana mimi ningenyamaza. Aligeuza ukurasa na kusema, "Bwana afisa, sitaki kuficha. Haki hii ina mpaka. Mwenye nayo akiitupa, asiitumie wala asiitunze, inaweza kupotea."

Nikamnong'oneza, "Umerukwa na akili? Unawapa silaha?"

"Neno ni lao lote na ni letu lote," akanijibu. "Nikisoma nusu, mimi na Taha tuna tofauti gani?"

Afisa akaamua papo hapo. Bi Mwanamkisi na kila anayeitunza minazi yake, hawagusiki. Minazi mingine, kila mwenyewe asimame chini ya mti wake pamoja na majirani wawili, auoneshe, uandikwe. Siku kumi na nne. Usiodaiwa utahesabiwa umetupwa, na kampuni itaukata.

Tangu siku hiyo Huwaida hafungui duka ila alasiri. Asubuhi yuko Ndau, anazunguka mti kwa mti, maana minazi aliyokuwa akiikwea baba yake, anayajua majina ya walioiotesha. Minazi mia mbili na kumi na minne ameiandika. Kati yake, tisini na mmoja haina mtu wa kusimama chini yake. Wenyewe wako Wiyoni, Malindi, Mombasa. Wenyewe ni nyinyi.

Zimebaki siku tano. Nenda kwa dada yake mama yako sasa, kabla hujala, umuulize marehemu aliotesha mingapi na majirani walikuwa nani. Kesho uabiri boti ya kwanza, ushuke Ndau, usimame chini ya mnazi wako, useme jina lako kwa sauti, liandikwe.