Upindo wa Mdomo wa Chewa

Usiku wa jana niliota niko kwenye cherehani yangu nashona sare za shule za kijani, na maji ya chumvi yamejaa chumbani mpaka darini. Sikulowa. Kilichonikera ni pasi tu, maana ilikataa kushika moto na wenye sare walikuwa wanazitaka.

Mlango ukapigwa hodi. Nikasema karibu, akaingia kamba wangu.

Kamba ninaye kweli, katika tangi la samaki lililo juu ya kabati la vitambaa. Tangi lenyewe dogo, nanasi ukiliweka humo umelijaza. Haoni vizuri, na kutwa anachimba shimo chini ya jiwe, lakini nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Juzi nilimwona mpweke mno, nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo kumchagulia mwenzake. Nikampenda mtoto wa chewa, mwekundu, ana madoa ya buluu. Nilimtazama mdomo kwa jicho la fundi, nikaona ni mdogo, kamba hapiti humo. Mume wangu, Baba Ziada, angemleta leo asubuhi.

"Shikamoo mama mwenye nyumba," akasema kamba. Alikuwa na kimo changu.

"Marahaba. Mbona umevaa koti na joto hili?"

"Ndilo gamba langu. Limechanika bega, nimeleta ulishone. Halafu nasikia kuna mpangaji mpya anakuja. Mbona sisi hatujamwona?"

Nikaona aibu. Kwenye nyumba yetu ya kupanga hakuna anayepewa ufunguo kabla wapangaji wa zamani hawajamweka kiti uani na kumuuliza maswali mawili matatu. Mimi mwenyewe niliulizwa kama nakoroma.

"Basi na aje," nikasema, na chumba kikawa uani kwetu, na bomba na waya wa kuanikia nguo. Samaki walikuwa wamepanga foleni.

Wa kwanza alikuwa kikande, samaki wa meno makubwa. Nikamuuliza, "Zamu ya kufagia utaiweza?"

"Mimi sifagii, nahamisha," akasema. Akang'oa choo, akakiweka jikoni, akarudi nyuma kukiangalia. Tukamshukuru kwa kuja.

Wa pili kisamaki cha buluu, kidogo kama kidole gumba. Kabla hatujamuuliza kitu akasema, "Uani huu wangu. Bomba langu. Na wewe mama, nani kakuruhusu kukaa hapo?" Naye tukamshukuru, ingawa hakukubali kuondoka mpaka bomba lilipomwomba.

Halafu akaja chewa. Amevaa kaptula ya shule, soksi kazipandisha vizuri. "Shikamoo mama. Shikamoo mjomba kamba." Moyo wangu ukayeyuka.

Futi ikajichomoa shingoni mwangu, ikampima mdomo, ikatangaza kwa sauti ya karani, "Kamba hapiti!"

"Umesikia?" nikamwambia kamba. Nilijisikia raha kama nimefaulu mtihani.

Kamba alimsogelea chewa. Aliipapasa kaptula kwa sharubu zake ndefu. "Fundi, hii mbona ina upindo mkubwa hivi?"

"Ya shule hiyo. Mtoto si anakua? Nisipoacha upindo, mwakani mama yake hatanisalimia."

"Na mdomo umeuachia upindo gani?"

Cherehani ikasimama yenyewe.

Namtazama chewa. Kaptula inambana. Mshono wa upindo unafumuka, tena bila haraka, na mdomo nao unafumuka. Ndani mna sebule. Mna pazia, na mkeka umeshatandikwa.

"Karibu mjomba," anasema chewa kwa adabu ileile. "Chakula tayari."

Naogopa. Aliyemchagua mtoto huyu ni mimi. Kamba haoni, anadhani ni mlango, anashukuru, anainua mguu aingie.

Hapo mkia ukampiga kwenye sharubu. Ulikuwa wa kisamaki cha rangi ya mchanga, kilichokaa mwisho wa foleni na wala hakuna aliyekiita. Kamba akarudi nyuma akatumbukia shimoni mwake, nacho kikamfuata. Chewa akafunga mdomo juu ya maji matupu.

"Samahani," akasema. "Nilidhani mazungumzo yamekwisha."

Sauti ya kamba ikatoka shimoni. "Mama, mimi namtaka huyu. Mimi nachimba, yeye ananiangalizia." Kisha akanisogezea koti. "Hili silivai tena, ila lishone. Limenistiri, nisilitupe limechanika."

Nikashona bega kwa uzi wa kijani wa sare, nikamalizia na lile fundo langu la kuzungusha mara mbili, ambalo Baba Ziada hulicheka.

Nikaamshwa na Baba Ziada mwenyewe. Alikuwa na mfuko wa maji, na chewa ndani, mwekundu, mzuri kupita kiasi.

"Mgeni wako huyu. Nimtumbukize?"

"Mrudishe!"

"Eti?"

"Mrudishe, niletee yule mdogo wa rangi ya mchanga, anayekaa pembeni pale kwa muuza samaki."

"Yule? Mbona hana sura!"

"Ana macho. Nenda baba, tafadhali."

Akasonya, akaenda. Nikakimbilia tangi. Kamba alikuwa shimoni, laini, koti jipya bado halijawa gumu, sharubu tu ndizo zilizotoka nje. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Gamba la zamani lilikuwa limelala mchangani. Hilo halikunishangaza, kamba wote huvua magamba.

Nikalitoa kwa kijiko nilitupe. Begani lilikuwa na uzi wa kijani, na fundo limezungushwa mara mbili.