Dobi wa Mke Mwenzangu

Maji yalikuwa ya baridi ya kukata vidole, na ndivyo nilivyoyataka. Damu haioshwi kwa maji ya moto. Ukiipasha tu, inajikita kwenye uzi na haibanduki tena. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya bafu la hoteli, nchi ya watu, miwani imeniteleza hadi ncha ya pua, nasugua kola ya koti zito kama blanketi. Kila nilipoikamua, maji yalitoka na rangi ya waridi. Nyuma yangu, juu ya kifuniko cha choo, alikaa mjukuu wangu, pamba puani, ananiomba radhi.

"Pole, bibi."

"Pole ya nini? Pua yako, damu yako. Usiinue kichwa, inamisha mbele. Hivyo hivyo."

Mimi humwita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu zao wa kike. Nilianza siku aliyozaliwa, pale babu yake alipompakata na kusahau kabisa kwamba na mimi nimo chumbani. Wakati ninaosimulia alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwembamba, mikono kama ya mtu anayechuma matunda bila ngazi. Alicheza judo, na kwa judo hiyo alikuwa amechaguliwa kwenda kushindana ng'ambo na vijana wenzake. Watoto wa umri wake walitakiwa kusafiri na mtu mzima wa familia. Mama yake alikuwa na kichanga, baba yake amebanwa na kazi. Nikabaki mimi, mstaafu, mkuu wa zamani wa wodi ya upasuaji, ambaye nyumbani wananiita Jaji.

Hawakunipa jina hilo bure. Nimeamua shule za watoto, rangi za kuta, nani aoe lini, hata mpangilio wa viti kwenye harusi za watu ambao hawakuniomba ushauri. Mke mwenzangu alikuwa kinyume changu kabisa. Ukimuuliza chai au maziwa, atakuuliza wewe unakunywa nini. Siku moja dukani alisimama mbele ya jozi mbili za viatu hadi muuzaji akaenda kula, akarudi, akamkuta palepale. Mama yake aliwahi kuniambia, "Mama, huyu ataolewa na mwanamume wa kwanza kugonga mlango, kwa kuogopa kumuudhi." Tulicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na mchanga ndani.

Sasa tulikuwa bafuni, na mashindano yalikuwa kesho yake. Kwenye mazoezi ya mwisho kiwiko cha mwenzake kilimpata puani, na damu ikamwagikia koti. Si koti lolote. Wachezaji wa judo huwa na sare mbili, nyeupe na ya buluu; anayeitwa kwanza ulingoni huvaa nyeupe, mpinzani wake buluu. Ratiba ilikwisha kubandikwa: mechi yake ya kwanza, yeye ndiye anaitwa kwanza, na lililochafuka ni hilo jeupe; koti lenye damu halikubaliwi ulingoni. Wenzake hawakuwa na koti la kumwazima, kwani yao yalikuwa ama yanammeza ama yanamwishia kwenye viwiko.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kabla ya mechi, mtu mwenye kipimo husimama mlangoni na kukagua mikono ya koti. Lazima ifike kwenye kifundo cha mkono, maana koti ndipo mpinzani anapokushika. Mkono ukiwa mfupi umemnyima haki yake. Ukikataliwa pale, huchezi. Mwaka ule mtoto alikuwa amerefuka ghafla, na koti lake lilikuwa linafika kifundoni kwa huruma tu.

Nilisugua hadi magoti yakalalamika. Doa lilififia, likawa kivuli cha rangi ya chai, likagoma hapo. Na hata kama lingetoka, ningelikaushia wapi? Dirisha la chumba lilikuwa halifunguki, na pale bafuni hata soksi zilikaa siku mbili bila kukauka. Tukateremka kwa mpokea wageni, naye akatuandikia namba mbili za madobi wanaofuata nguo hotelini na kuzirudisha.

Tulikaa kwenye makochi ya pale chini, sisi wawili na kocha. Kocha alikuwa kijana mwenye mabega ya kabati na wasiwasi wa mama wa mapacha. Lugha ya nchi ile mke mwenzangu aliijua vizuri kuliko sisi, kwa hiyo alipiga yeye, akaweka sauti ya nje, akawa anatutafsiria.

Namba ya kwanza ilikuwa ya kampuni kubwa. Kijana mchangamfu alipokea kabla simu haijalia mara ya pili.

"Hakuna shida! Gari linakuja sasa hivi. Jioni hii hii nguo inarudi imekauka, imenyooka, inanukia maua."

Nilimpenda papo hapo. Kocha aliinua dole gumba.

Namba ya pili ililia sana. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, mashine zikinguruma nyuma yake. Tulimsikia akimwambia mtu azime mojawapo. Akauliza ni nguo gani. Akauliza ni nene kiasi gani, inatakiwa lini, na ni ya kufanyia nini.

"Doa nitalitoa," akasema. "Lakini sitaliweka kwenye mashine ya joto. Pamba nene hivyo, mikono itasinyaa na kupanda. Nitalitundika mbele ya feni, nililete kesho asubuhi. Na nisikudanganye, kola itakuwa bado na unyevu. Kama hutaki unyevu, mpe mwingine, sitakasirika."

Mke mwenzangu alimshukuru, akamwambia atampigia, akakata.

"Basi," nikasema, nimeshaanza kunyanyuka. "Wa kwanza."

"Wa kwanza, bibi," kocha akaunga mkono. "Kesho asubuhi ni kucheza na moto. Foleni, gari kuharibika, mtu kupitiwa na usingizi..."

Mtoto alikuwa anaitazama simu mkononi. Akaitoa ile pamba puani, akaikunja ndani ya karatasi, taratibu, kama anayeitafutia mahali pa kulala.

"Wa pili," akasema.

"Wa pili nini?"

"Nachagua wa pili."

Kocha akacheka kidogo, akadhani ni mzaha. "Kwa nini?"

"Wa kwanza hakuuliza chochote. Hata hakuuliza ni nguo gani."

"Kwa sababu amesema hakuna shida," nikamwambia.

"Ndiyo, bibi. Na shida ipo."

Kocha akanigeukia. "Bibi, hebu sema kitu."

Nilikuwa nacho cha kusema. Kilikuwa kimeshafika kwenye ulimi, na miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukimeza kitu kilichofika hapo. Nikamtazama mjukuu wangu. Hakuwa ananiangalia usoni kutafuta jibu langu, kama alivyofanya maisha yake yote. Alikuwa anaangalia mbele, anasubiri tu tumalize.

"Koti ni lake," nikasema. "Na mikono ni yake."

Kocha alishusha pumzi kama gurudumu lililochomwa msumari.

Dobi alikuja mwenyewe, na gari dogo lililochakaa, aproni imelowa tumboni. Hakuwa mtu wa maneno. Alilishika koti mabegani, akalisimamisha mbele ya kifua cha mtoto, akamnyoosha mkono na kuangalia pindo linapoishia. Akaangalia tena mkono wa pili. Kisha akalikunja, akaondoka, na kocha akanipita kwenye ngazi bila kunisalimia.

Asubuhi dobi hakuonekana.

Tulikunywa chai hadi birika likaondolewa mezani. Mke mwenzangu alipiga simu. Ikaita, ikaita, ikakata. Basi la kutupeleka ukumbini likaja, likapiga honi. Wachezaji wenzake walikuwa wamesimama na mabegi yao, wanajifanya hawasikii.

"Nilisema!" Kocha alikuwa amevimba mishipa ya shingo. "Nilisema mimi! Miezi yote ile ya jasho, tunakuja kukwama kwa ajili ya dobi! Haya, nani aliamua jambo hili? Nani?"

Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha panga kusema ni mimi; ningesema na angenyamaza, maana hakuna kijana wa umri ule anayeweza kunifokea mara mbili. Lakini sauti nyingine ilinitangulia.

"Mimi, kocha. Bibi hakuamua. Nilichagua mimi."

Hakusema kwa nguvu. Wala hakusema kwa kunong'ona. Alisema kama mtu anayetaja jina lake anapoulizwa.

"Na lisipofika?"

"Lisipofika nitakaa niwashangilie wenzangu. Na nitajua nilikosea."

Halafu akaenda kwa mpokea wageni akamwachia ujumbe: dobi akija, aelekezwe ukumbini, mlango wa wachezaji, aulize timu yetu. Akauliza kama yule mpokea wageni ameelewa, akamwomba arudie. Ndipo akapanda basi, akakaa dirishani, mkanda wake umekunjwa mapajani.

Nimemwona mtoto huyo akishika nafasi ya kwanza darasani. Nimemwona, miaka ya baadaye, akivikwa joho. Leo ana watu chini yake kazini, na wanasema hayumbishwi, wanadhani alizaliwa hivyo. Mimi ukiniuliza lini kichwa changu kilitaka kugusa mawingu kwa ajili yake, nitakwambia ni ndani ya basi lile, tukiwa hatuna koti.

Ukumbini tulikaa karibu na mlango wa wachezaji. Kila aliyeingia nilimkagua mikono. Walikuwa wamekwisha kuanza kuita wachezaji wa uzito wa mke mwenzangu nilipoliona: koti jeupe, limetundikwa kwenye hanga, linaelea juu ya vichwa vya watu kama mtu asiye na kichwa aliyechelewa miadi. Chini yake alikuwa dobi, anahema, nywele zimemganda usoni.

"Barabara zote za kuja hotelini kutoka kwetu zimefungwa," akasema, na mjukuu wangu akitafsiri huku anavua fulana ya mazoezi. "Nimeacha gari mbali, na simu nimeisahau humo humo. Hotelini waliniambia mmeshakuja huku. Kola ina unyevu, nilisema."

"Ulisema," mke mwenzangu akamjibu, akalivaa.

Mzee mwenye kipimo alimwambia anyooshe mikono mbele. Akanyoosha. Mzee akavuta pindo, akaweka kipimo, akainama, akakivuta kipimo tena kwenye mkono wa kushoto. Mimi niliyewahi kusimama kando ya vifua vilivyopasuliwa bila kupepesa jicho nilijikuta nimeushika mkono wa dobi, mtu nisiyemjua. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akamwita anayefuata.

Kuna jambo sijalisema: nilikuwa sijawahi kumwona akicheza. Kila mara nilipata udhuru, maana sikutaka kumwona mtoto akibwagwa. Siku ile niliangalia. Aliingia ulingoni na kola imegeuka kijivu kwa unyevu, akainama, akashikana na msichana mpana kumliko. Walisukumana kama watu wawili wanaogombea mlango. Halafu mke mwenzangu akageuka. Sijui aligeuka vipi. Nilichoona ni mgongo wake umeingia chini ya mwenzake, na miguu ya yule msichana ikiangalia dari. Ukumbi ukaitikia kwa kishindo. Mwamuzi akainua mkono juu kabisa kutangaza ushindi kamili.

Dobi alikuwa bado amesimama pembeni yangu, hanga tupu mkononi. Akaniuliza, na hilo nililielewa bila mkalimani, kama yule ni binti yangu. Nilitaka kumwambia ni mke mwenzangu, nikaona nitaleta kesi. Nikamwambia kwa lugha yake, nikiivunjavunja, kwamba ni mjukuu. Akanipiga bega, akaenda kulifuata gari lake.

Kocha hakuomba radhi na hakuna aliyemdai. Alimletea chupa ya maji, akachuchumaa mbele yake. "Huyu wa pili anavuta sana kushoto," akasema, kisha akasita. "Wewe unaonaje? Tumwingieje?" Na mtoto akamwambia anavyoona.

Alimshinda na huyo wa pili. Wa tatu alimbwaga yeye, vizuri kabisa, hadi nikasikia kishindo cha mgongo wake kwenye nyonga zangu. Aliinuka, akajifunga mkanda upya, akainama, akampa mwenzake mkono. Hatukurudi na medali.

Tulipotua nyumbani, afisa wa dirishani alizichukua hati zetu mbili za kusafiria, akamtazama yeye, kisha akaniuliza mimi, kama kawaida ya watu kuwauliza wakubwa, tulikwenda kufanya nini huko. Jibu nilikuwa nalo, refu, limepangika. Nikajisogeza pembeni nikampisha mjukuu wangu dirishani.

"Muulize yeye," nikasema. "Mimi nilimsindikiza tu."