Tiketi ya Mselem

Baridi ya mwaka 1971 ilikuwa imeanza kuuma. Bi Mwanakhamis alikuwa jikoni kwake mtaa wa Small Heath, kwa Waingereza, akiponda viazi vya katlesi, na shoga yake Rajni, waliyekua naye mtaa mmoja Unguja, akimhadithia habari za wafalme wa Kimughal.

"Babur alipokuwa akikata roho alimuusia mwanawe mkubwa, Humayun: usiwadhuru nduguzo, hata wakistahili. Basi nduguye Kamran akamsumbua miaka. Akisamehewa, anaasi tena. Mwisho wakamtoboa macho, wakampeleka Makka."

"Makka?"

"Akafia huko huko. Mbona umesita, shoga?"

Bi Mwanakhamis akaviponda viazi kwa nguvu, akili iko kwa wanawe. Juzi tu Idarous, mwanawe mkubwa, alikuja na bashasha isiyo yake, akasema atamkatia mdogo wake Mselem tiketi ya hija. Idarous huyo huyo asemaye Mselem hajui hata kupanga magunia ya mchele. Na duka lile la Coventry Road marehemu mumewe, Mzee Seif, aliwaachia wote wawili.

Kwao, aendaye hija huaga kama aendaye kufa: huomba radhi, na anachodai hukisamehe. Idarous alikwisha sema wazee wa msikitini waitwe, Mselem atamke mbele yao kwamba hadai chochote dukani, aende mwepesi. Siku ile mama aliona ni ucha Mungu.

Ijumaa alijitanda baibui akaenda dukani. Tarsem, mchora vibao, alikuwa juu ya ngazi akipima kibao kilichoandikwa "Seif na Wanawe".

"Unaandika nini, Tarsem?"

"Idarous tu, mama. Jina moja, herufi kubwa."

Jioni aliwapikia wanawe pilau, akangoja mpaka wameshika matonge.

"Mselem, kaka yako kakufanyia jambo kubwa."

"Kubwa mpaka naogopa," Mselem akacheka. "Kaka hata pipi hanipi bure."

"Huna shukrani wewe," Idarous akasema.

"Mimi nina swali," mama akasema. "Mama yenu ameshahiji?"

Mselem akatikisa kichwa.

"Mjane hasafiri bila maharimu, mwanamume wa damu yake. Idarous, wewe ndiye mkubwa. Tiketi hiyo yangu, nawe ujikatie yako. Utanishika mkono kwenye tawafu."

"Na duka, mama?"

"Lina mwenyewe mwengine."

"Mselem hawezi, mama. Atalifunga kabla hatujafika Jidda."

"Nitajaribu kulifunga jioni tu, kaka," Mselem akasema.

Mama hakucheka. "Wazee nitawaita mwenyewe. Utasimama, Idarous, useme hudai chochote dukani, uende mwepesi. Au maneno yale yalikuwa ya Mselem peke yake?"

Idarous alilitazama tonge lake hadi likamvunjikia vidoleni.

"Kuagana si lazima kutaja duka," akasema taratibu.

"Si lazima, eti? Haya, hapo tumeelewana. Na Tarsem umwambie ashushe ngazi yake."

Idarous akanawa, akachomoa funguo za duka mfukoni. Akaziweka kando ya sahani ya mama, hakumtazama nduguye. Bi Mwanakhamis akazisukuma kwa kidole, polepole, macho yake kwa mwanawe mkubwa, mpaka zikaugusa mkono wa Mselem.