Kambale wa Wageni

Bonde letu la Kasha, hapa Bagira, halikauki, na humo nilikuwa na kipande changu cha viazi vitamu. Kipande hicho ndicho kilichoilisha nyumba yangu tangu nifiwe na mume. Delphin, rais wa ushirika wetu wa ufugaji samaki, alinishawishi nikichimbe kiwe bwawa. Mama mkwe wangu, Agathe, alikuja ukingoni majembe yalipoanza kazi, akasema, "Consolate, unaharibu chakula ya batoto." Nilijiambia samaki watamjibu.

Mradi uliofadhili ushirika ukatuletea vifaranga vya tilapia. Nilivipenda, sioni haya kusema. Nilijenga kibanda cha sungura juu ya maji ili mavi yao yadondoke humo, na kwenye kona moja nikasimamisha uzio wa vijiti, nikawa natupa humo majani yaoze. Maji yakageuka kijani kwa chakula cha samaki, kama tulivyofundishwa. Asubuhi nikirusha pumba, vinywa vidogo vilijaa juu ya maji, vikigombania. Hata Agathe akaanza kuja kutazama, akijifanya anaokota kuni.

Ndipo ikaja habari kwamba wakubwa wa mradi watapanda boti Goma, wavuke ziwa waje kutuona. Delphin akaja mbio, amevaa buti zake za mpira ambazo hazijawahi kuonja tope.

"Maman Consolate, hatuwezi baonyesha bageni tusamaki tudogo kama vidole. Batapiga picha ya nini?"

Alisema kila ushirika hufanya hivyo: unanunua samaki wakubwa, unawatia bwawani, wavu ukivutwa kila mtu anafurahi. Tayari alikuwa ameagiza kambale hai kutoka Kamanyola. Wakafika kwenye mabidoni ya plastiki yaliyokatwa juu, wana ndevu na vichwa vipana kama koleo.

"Hii haitakula batoto ba tilapia?" nikauliza.

"Inalala humu usiku moja tu, maman. Kesho tunaitosha inje ya maji."

Nikakubali. Nami nilitaka nionekane pichani na samaki wa maana, mtu asiniambie kwamba angekataa.

Kesho yake boti haikutoka Goma. Walisema ni usalama. Safari ikasogezwa wiki iliyofuata, kisha ikasogezwa tena. Tukavuta wavu tuwatoe wale kambale, lakini walikuwa wamejichimbia topeni, tukapata majani matupu. Nikamwambia Delphin tufungue bomba, maji yatoke, tuwakamate kwa mikono.

"Na bageni bakifika bakute matope?" akafoka. "Unataka tupate haya?"

Ushirika mzima ukamuunga mkono. Wengine walikuwa wameshashona nguo za sare kwa ajili ya siku hiyo. Pumba zangu zikaanza kubaki zikielea. Mwanzoni nilisema ni baridi, samaki hawana hamu ya kula. Baadaye niliacha kusema lolote, nikawa narusha pumba na kuondoka haraka nisione.

Hatimaye wageni wakafika. Aliyewaongoza ni Madame Gisèle, mkubwa wa mradi hapa Bukavu, Mushi wa kabila letu, aliyekulia Bagira hii hii. Siku hiyo Delphin aliruhusu maji yapunguzwe hadi magotini. Wanaume wakaingia, wakapapasa, wakavuta, na kambale wakatoka wamenona hadi wanatia hofu. Wageni wakapiga makofi. Simu zote zikainuliwa. Delphin akanisukuma mbele nishukuru.

Nikasema, "Tilapia hakuna tena. Hizi kambale njo zilikula yote. Tulizinunua Kamanyola juu yenu, mupige picha."

Simu zikashuka. Kisha Madame Gisèle akacheka kwa sauti. "Maman anapenda kuchekesha!" Wote wakacheka, wakapiga makofi tena, na Delphin alipiga kuliko wote.

Nikaambiwa nipike. Nyuma ya nyumba nilimpasua kambale wa kwanza, na tumboni mwake nikakuta tilapia wangu wawili, mmoja bado ana magamba yake yote. Nililia kwa hasira. Nikawaweka kwenye sahani, nikaipeleka mezani, nikaitua mbele ya Madame Gisèle. Aliitazama. Kisha akanishika mkono, akanipeleka pembeni.

"Maman, nilikusikia tangu pale, na nilisikia muzuri. Lakini nikisema samaki imeisha, banafunga projet, na siye bote tunakosa. Nikisema ilifaulu, batatuma ingine."

"Hiyo ingine itakuja kwa kiziba yangu hii ya samaki?"

Akashusha macho. "Kwa Delphin. Balishamuchagua, yeye njo ataonyesha bengine kufuga samaki."

Nilimwacha amesimama. Nikashuka bondeni na kulifungua bomba lote. Maji yaliyosalia yakakimbilia mferejini, na kule juu watu wakaanza kuita. Delphin akaja akipiga kelele kwamba nimerukwa na akili, nauharibu mradi mbele ya wageni. Wageni wenyewe walitazama kidogo kutoka ukingoni, wakakumbuka boti, wakaingia kwenye magari. Madame Gisèle hakugeuka.

Nikaingia topeni, nikatafuta kwa mikono miwili. Nilitaka kifaranga kimoja tu, kimoja cha kuanzia. Hakikuwepo. Chini palikuwa na udongo mweupe wa kufinyangia, kwa maana ule mweusi tuliuchimba wote kujenga kingo, na juu ya udongo huo kiazi hakimei.

Agathe alishuka polepole, akasimama ndani ya tope pamoja nami. Nilingoja anitukane, na ningefurahi kama angenitukana.

"Sasa tutakula nini?" akauliza.

Nikainama, nikapapasa tope tena.