Bluberi za Mama

Odile hakuwa amegusa baiskeli tangu mabinti zake waolewe. Kwa hiyo alipompigia simu mdogo wake Solange na kumwomba wazunguke Ziwa Saint-Jean pamoja kwa siku nne, Solange alijua kuna jambo. Mtu wa miaka sitini na tatu haamki tu asubuhi akatamani kilomita mia mbili na hamsini za pedali. Tena mwezi wa Agosti, bluberi, vile vitunda vya buluu vya msituni, zimeiva na watu wote wa ziwani wamegeuka waongo.

Maana watu wa huko watakuonyesha hata kovu la upasuaji wao, lakini hawakuambii wanachuma bluberi wapi. Ukiuliza, mtu ananyoosha mkono kuelekea msituni na kusema, "Kule." Gari analiacha mbali ili jirani asilitambue. Mahali pa kuchuma hurithiwa, na mrithi ni mmoja.

Solange alikuwa na mahali pake. Mama yao, wiki chache kabla hajafariki, alimshika mkono akamnong'oneza: daraja dogo kabla ya kijiji cha Péribonka, njia ya kulungu mkono wa kulia, mpaka kwenye msonobari ulioanguka. Asimwambie mtu, na zaidi ya wote asimwambie Odile. Odile alipewa nyumba, kabati la vyombo na mbwa. Solange alipewa hapo tu, na kwa miaka kumi na mmoja alijiambia kwamba kumbe yeye ndiye aliyekuwa kipenzi. Ndiyo hazina pekee aliyokuwa nayo kutoka kwa Mama, na sasa huyu anakuja kuichungulia.

Siku ya kwanza alimchunga dada yake kwa jicho la pembeni. Odile alifunga simu kwenye usukani, eti imwonyeshe walikopita. Alisimama kupiga picha kila kitu: kanisa la mbao, shamba la mahindi, ng'ombe wawili wasio na lolote la ajabu, na ziwa lenyewe, pana mpaka ng'ambo haionekani. Walipokaa kunywa supu huko Métabetchouan, aliuliza kama bluberi zimezaa mwaka huu. Solange akajibu kwamba hajui, siku hizi ananunua dukani. Odile naye akasema ananunua. Mwongo mkubwa, Solange aliwaza, akasahau kwamba wa kwanza kudanganya ni yeye.

Siku ya pili, mchana, lile daraja dogo likakaribia. Solange alikuwa amejipanga tangu asubuhi. Akapunguza mwendo ili dada yake atangulie, akajiapiza kutotazama kulia hata tawi likimwangukia. Atatazama kushoto, ziwani, kama mtalii.

Odile alikuwa mbele. Na Odile, aliyesimama kwa kila ng'ombe, hakusimama. Hakupiga picha. Alikaza shingo kushoto, akaanza kupiga mluzi, na kwa kung'ang'ania kutotazama kulia nusura atumbukie mtaroni.

Hakuna anayejitaabisha hivyo kukwepa kichaka asichokijua. Solange akafunga breki.

"Odile. Nani alikwambia?"

Odile alisimama, hakugeuka. "Alinambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Hapo ndani."

Odile akashuka, na alipogeuka uso ulikuwa mwekundu. "Mama," alisema. "Mimi peke yangu. Na wewe je?"

Solange alisukuma baiskeli hadi kichakani, akashika njia ya kulungu mbio mbio, na dada yake nyuma anahema. Mpaka kwenye msonobari ulioanguka. Huko vichaka vilikuwa vya buluu pande zote mbili, na Solange, kwa mazoea, alisimama upande wa kijito. Odile, naye kwa mazoea, alisimama upande wa mwamba.

"Ondoka hapo," Solange alisema. "Kuna nyigu."

"Nyigu gani? Huko kwako ndiko kuna tope linalomeza mtu. Mama alisema nisivuke huu mti hata kidogo."

Solange alitazama miguu yake, iliyokuwa imesimama pakavu miaka kumi na mmoja. Akatazama mwamba aliokatazwa na Mama, hakuna hata nyigu mmoja. Mama alikuwa ameligawa shamba kama alivyokuwa akigawa pai, sawa kwa sawa, kisha akamnong'oneza kila mmoja kwamba kipande kizuri ni chake. Iliuma, ikauma kweli. Hakuwa kipenzi, alikuwa nusu.

"Nyumba nzima ulipewa wewe," alisema, na sauti ikamkatika. "Hapa palitosha kuwa pangu."

Odile aliketi juu ya gogo, akavua kofia ngumu. "Nyumba nilipewa kwa sababu nilikuwa na watoto watatu, Solange. Alinambia hivyo hivyo, kavu. Hapa ndipo nilipodhani nimepewa kwa sababu ananipenda."

Solange akauvuka mti, pole pole, bado akiogopa nyigu, akaketi karibu na dada yake.